Muacheni shahidi aongee kwanza

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Mwaka jana hapa mwaloni kwetu Kigoma waliiba mashine ya boti usiku, na bibi mmoja jirani yetu anayeanika dagaa ndo aliwaona. Asubuhi akaja mtu wa kuchukua maelezo, swali la kwanza kabisa: "Bibi, yule kijana wa shati jekundu alikimbilia wapi?" Nilikuwa nimekaa hapo hapo kwenye kichanja. Bibi hakuwa ametaja shati hata kidogo, alisema kaona watu wawili na mmoja anachechemea, basi. Jioni anatusimulia, shati jekundu limeshaingia! Na hadanganyi, anaamini kabisa kaliona, usiku ule hamna mwezi na taa za wavuvi ziko mbali ziwani huko.

Hii kitu Marekani walishaipima tangu 1974. Mwanasaikolojia Elizabeth Loftus na mwenzake waliwaonesha watu filamu za ajali za magari, wengine wakaulizwa spidi magari "yalipogongana" wengine "yalipopondana", wa kupondana wakataja spidi kubwa, na baada ya wiki wengi zaidi kati yao kuliko wale wengine wakasema waliona vioo vimevunjika, wakati hakukuwa na kioo kilichovunjika. Neno moja tu hilo.

Polisi mtasema hela hamna, vituo havina hata karatasi. Sawa, ila kukaa kimya ukasikiliza kunauzwa bei gani? Wanasaikolojia wengine wa Marekani, Fisher na Geiselman, njia yao haitaki mashine: shahidi ajirudishe pale alipokuwa, giza, upepo, harufu ya dagaa, aseme yote hata anayoona ya kipuuzi, asikatizwe, asibahatishe, maswali baadaye. Na bibi angeongea Kiha chake jamani, siyo Kiswahili cha kuungaunga. Na kila mtu kivyake, siyo mashahidi wote benchi moja wanapiga stori wakisubiri (magrupu ya WhatsApp ndo usiseme).

Mahakama ya Rufani yetu kwenye kesi ya Waziri Amani, 1980, ilishasema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu sana, lazima ijulikane ulimwona kwa muda gani, umbali gani, mwanga ulikuwaje, ulikuwa unamjua au la. Sasa kwa nini hayo yangoje wakili ayaulize baada ya kesi kuahirishwa mara kumi, yasiulizwe asubuhi ile ile?

Kuna kijana alikamatwa, na shati jekundu kweli analo. Ila hachechemei.

Msomaji wako,
Kigoma