Shoga yangu, mlango wazi nakumbuka, na redio pia nakumbuka

Shoga yangu wa tangu utotoni,

Assalaam aleikum. Voisi noti yako nimeiskiza mara tatu, mara ya kwanza niko jikoni, ya pili kwa matatu naelekea Kongowea hapa Mombasa, ya tatu usiku watu washalala. Habari za watoto zimenifurahisha, ya mguu wako imenihuzunisha, Mungu akupe shifaa. Lakini pale mwisho uliposema "wallahi bora zama za Afweyne, angalau tulikua tunalala mlango wazi" hapo usingizi ukanipaa. Afweyne, Siad Barre yule yule aliyeitawala Somalia yetu miaka 21! Nikaona hili nikijibu kwa sauti nitalia katikati, bora nikuandikie, nawe usome polepole ukirudi kazini.

Sikatai, kwetu Barawa tulilala mlango wazi. Upepo wa bahari unaingia mpaka ukumbini, mama amejinyoosha kwa mkeka, kofia anayoshona ameilaza kifuani na sindano imechomekwa hapo hapo. Mimi na wewe tumezaliwa 1972, mwaka ule ule Siad Barre alipotangaza Kisomali kiandikwe kwa herufi za Kilatini, na skuli hatukulipa kitu. Kaka yangu mkubwa alikua kati ya wale wanafunzi ambao skuli zao zilifungwa 1974 wakapelekwa bara kufundisha wafugaji kusoma na kuandika, na mpaka leo akikisimulia hicho kisa uso unamng'aa, anasema kulikua na mzee ndevu nyeupe kabisa, siku alipoweza kuandika jina lake kwa kijiti mchangani akasimama pembeni akawa anazuia ngamia wasipakanyage. Hilo lilikua jema na mtu akiniambia halikua jema nitabishana naye.

Na ule ukame wa dabadheer, 1974 mpaka 75, si wafugaji waliletwa kutoka kaskazini kwa ndege za Warusi wakagawanywa huku kusini, wengine Dujuma, wengine Sablaale na Kurtunwaarey, na wengine wakaletwa kwetu Barawa wafundishwe uvuvi. Watu ambao samaki hawamjui! Mama alikua akituhadithia mwanamke mmoja aliyepewa changu mzima akamshika mkia huku uso ameugeuza upande wa pili, akauliza huyu anachinjwa wapi. Miaka kumi baadae watoto wa wale wale tulikaa nao dawati moja na walikua wanajua bahari kutushinda. Nakwambia haya ujue kwamba sijasahau mazuri.

Lakini shoga, na redio ya baba pia unaikumbuka. Ile iliyokua juu ya kabati, nyeusi, imefungwa mpira kwa nyuma kwa sababu kifuniko cha betri kilivunjika. Kila saa kumi na moja jioni baba anaishusha, anafunga dirisha, anaingia nayo chumbani anajifunika shuka kichwa kizima na redio ndani, anaskiza BBC ya Kisomali. Sisi watoto tunakaa mlangoni, akipita mtu wa Guulwade, wale vijana wa serikali wa kuchungulia watu, na zile nguo za kijani tunaanza kuimba kwa sauti, zile nyimbo za kumsifu Jaalle Siyaad, yaani Ndugu Siad, tulizofundishwa skuli. Nilikua nadhani ni mchezo. Nimekuja kuelewa nikiwa mtu mzima kwamba baba alituweka pale mlangoni tumlinde, mwanamume mwenye duka lake na heshima zake analindwa na watoto wa miaka minane kwa sababu ya kuskiza habari. Mlango wa nje wazi, ndio, lakini chumba cha ndani kimefungwa na mtu yuko chini ya shuka.

Na mji wetu ni mji wa masheikh. Januari 1975 walipopigwa risasi wale masheikh 10 kule Mogadishu kwa kuipinga sheria ya familia, ile ya kumpa mwanamke urithi sawa na mwanamume, unafikiri Barawa nzima haikuumia? Iliumia na ikanyamaza. Baba hakuwahi kulitaja hilo mbele yetu, mara ya kwanza nimelisikia kinywani mwake ni hapa Mombasa, tushakua wakimbizi, na hata hapo alitazama dirishani kwanza.

Ukabila ulisemwa umekufa. Serikali ilichoma sanamu ya ukabila hadharani, mtu haruhusiwi kumuuliza mwenziwe ukoo, ndio watu wakawa wanaulizana "eksi yako ni gani?" yaani ukoo wako wa zamani. Kumbe haukufa, alikua ameushika Afweyne mwenyewe, vyeo vya jeshi na usalama vinakwenda kwa ukoo wake, ukoo wa mamake na ukoo wa mkwewe. Na sisi watu wa Miini, yaani Barawa yetu, mafundi wa makubadhi, washona kofia, wafanyabiashara wadogo, watu wa zawia na darsa, ambao hatuna ukoo wenye bunduki, tukajiambia hayo ni ya wenyewe.

Hapa ndipo ninapotaka unielewe vizuri. 1988 Hargeisa kule kaskazini ilipopigwa mabomu, ndege zilikua zinaruka kutoka uwanja wa ndege wa Hargeisa yenyewe, zinazunguka, zinapiga mji ule ule, zinarudi kutua. Rubani wa serikali anaupiga mji wa serikali yake! Watu wakatembea kwa miguu mpaka Ethiopia na watoto mgongoni. Baba alitoka chini ya shuka siku hiyo jasho linamtiririka akamnong'oneza mama, mama akasema inna lillahi, halafu akapakua chakula tukala. Nakumbuka mpaka ilikua ni nini, baasto, yaani tambi, na samaki. Na kesho yake tukaenda skuli mimi na wewe tumeshikana mikono. Hiyo ndio amani unayoililia, shoga yangu. Ilikua yetu siku hiyo kwa sababu ilikua siyo ya watu wa Hargeisa. Mimi sijisamehi kwa kutokujua, nilikua na miaka 16, sikua mtoto mchanga.

Ikaja Julai 1989, pale Mogadishu watu wakapigwa risasi baada ya sala ya Ijumaa, na usiku wa siku zile wanaume 47 wakatolewa majumbani mwao wakapelekwa ufuo wa Jazeera wakauliwa. Mjomba akafunga duka lake Hamarweyne, mtaa wa Mogadishu, akarudi kwetu bila mzigo, begi moja tu, akakaa wiki nzima anaskia breki ya gari anasimama. Moto ulikua unasogea kusini, na sisi bado tunasema ya wenyewe.

Siad Barre aliondoka ikulu yake ya Villa Somalia Januari 1991, usiku wa tarehe 26, akakimbilia Kismayu. Unaikumbuka jioni iliyofuata? Baba hakufunga dirisha. Aliiweka redio uani juu ya kinu kilichopinduliwa, akaifungua sauti mpaka mwisho, majirani wakajaa mpaka kwenye ngazi, miaka 21 imekwisha, wazee wanalia, mtu anamkumbatia mtu ambaye walinuniana. Mimi nilikua sijawahi kuiskia ile redio kwa sauti yake yote, nikashangaa kumbe mtangazaji ana sauti nzito vile.

Furaha ile haikufika hata mwezi. Wakapita askari wake waliokua wanarudi nyuma, wakaja waliokua wanawafukuza, wakarudi wale wa mwanzo, kila anayeingia anavunja na kila anayetoka anabeba. Sufuria, kanga, milango ya mbao ya kuchonga, dhahabu, mpaka nyaya za umeme ukutani. Ya wasichana siyaandiki, wewe unajua kwa nini mama zetu walitulaza darini siku tisa na mtungi mmoja wa maji. Nitaandika hili tu. Kijana aliyeichukua redio ya baba alikua hajafika hata miaka 15, bunduki inamvuta bega, akaiwasha ikawa inakoroma tu, akamuuliza baba kwa Kisomali, "baba, inashikaje?" Na baba akaipokea, akamzungushia kisahani taratibu mpaka ikashika, akaipunguza sauti kwa mazoea yake, akamrudishia. Yule mtoto akasema asante akaondoka nayo. Sasa niambie, bunduki ile ilitoka wapi? Haikuota mchangani. Ni zile zile zilizoletwa kwa vita vya Ogaden na Ethiopia, na ni Afweyne aliyekua akiwapa silaha koo hizi zipigane na koo zile ili akae. Alipoondoka yeye, bunduki zilibaki.

Jahazi tulilokimbilia huku Mombasa hutaki nikukumbushe na mimi sitaki. Ya kambi ya wakimbizi ya Swaleh Nguru tutaongea siku nyingine, mama na kofia zake ndio walitulisha pale, mwajua. Halafu mukapata safari mukaenda Manchester, mimi nikaolewa hapa nikabaki, na lafudhi yangu mpaka leo muuza mboga akiniskia ananiuliza mama wewe ni wa wapi. Barawa yenyewe ilishikwa miaka na Alshabaab mpaka Oktoba 2014 wanajeshi wa Umoja wa Afrika na wa Somalia walipoingia. Binamu aliyekwenda kuangalia anasema nyumba yenu ukuta wa upande wa bahari umesimama. Wajukuu zangu Chimiini, lugha yetu ya Barawa, wanaskia lakini wanajibu Kiswahili, wa kwako nadhani wanajibu Kiingereza.

Kwa hivyo usiniambie bora zama zile, angalau si mimi. Useme ulikua mtoto na mama yako alikua hai, hapo tutalia pamoja.

Na unijibu swali moja, kwa sababu mimi na kaka tumebishana mwezi huu wote. Ile jioni ya redio uani, kigelegele cha kwanza kilitoka upande wa nyumba yenu, juu ya ukuta. Kaka anasema ni bibi yako. Mimi nasema ni mama yako, namkumbuka na ile leso yake nyekundu ameivua anaipunga. Ni nani?

Wasalaam,
Shoga yako