Krete si Unguja: tunachokuuliza kabla hujalipia hoteli

Mteja akisikia neno kisiwa, picha inayomjia ni Unguja. Asubuhi umeamka Nungwi, mchana unazunguka Mji Mkongwe, ukitaka usiku unalala Makunduchi. Krete, kisiwa cha Ugiriki, haiendi hivyo. Kutoka ncha ya magharibi mpaka ya mashariki ni kama kilomita 260, eneo lake ni karibu mara tano ya Unguja, na katikati imesimama milima. Psiloritis peke yake una mita 2,456. Kilomita 75 hivi za kutoka mji wa Chania hadi ufukwe wa Elafonisi hukula saa moja na nusu, kona juu ya kona.

Somo hili tulilipata kwa aibu. Wateja wetu wa kwanza wa Krete walikuwa maharusi wanaokwenda fungate. Tiketi tuliwakatia ya kutua Chania kwa sababu nauli ilikuwa nafuu, hoteli tukawachukulia Elounda kwa sababu picha zilitupendeza. Chania iko magharibi, Elounda mashariki, kati yake kuna zaidi ya kilomita 200. Walitua usiku, basi hakuna, wakapanda teksi. Bwana harusi alitutumia picha ya mita ya teksi bila kuandika neno. Ile nauli tuliirudisha sisi, na tangu hapo ramani ya Krete imebandikwa ukutani ofisini.

Kwa hiyo siku hizi hatuanzi na nyota za hoteli. Tunakuuliza unakwenda kufanya nini. Kama ni fukwe na kuzurura mjini, kaa Chania: bandari ya zamani iliyojengwa na Waveneti, watu wa Venisi huko Italia, mnara wa taa mdomoni mwake, na vichochoro ambavyo mtu wa Lamu au Mji Mkongwe havitampa shida. Kama ni mambo ya kale, kaa Heraklion. Knossos iko kilomita 5 tu kutoka mjini, ikulu ya Waminoa, watu wa kale wa Krete, ambayo mwanaakiolojia Mwingereza Arthur Evans alianza kuichimba mwaka 1900. Evans alijenga upya baadhi ya sehemu kwa zege na rangi, na wataalamu hawajaacha kumlaumu. Sisi tunamshukuru kidogo, maana bila zile nguzo nyekundu mtoto wa miaka kumi angeona mawe matupu. Elounda ni ya wanaotaka kutulia na kutumia pesa, ingawa boti ya kwenda Spinalonga, ngome iliyokuwa kambi ya wagonjwa wa ukoma mpaka 1957, inastahili nusu siku. Ukiwa na siku nane au zaidi tunaigawa safari: unatua Chania, unaondokea Heraklion, hurudii barabara ile ile.

Wanaopenda kutembea huulizia Korongo la Samaria. Ni kilomita 16 za kushuka, kuanzia Omalos kwenye mita zaidi ya 1,200 hadi kijiji cha Agia Roumeli kando ya bahari. Hapo hakuna barabara ya gari inayofika. Unatoka kwa boti mpaka Sougia au Chora Sfakion, ndipo upate basi. Ukichelewa boti ya mwisho, umelala huko. Kwa kawaida korongo hufunguliwa Mei hadi Oktoba, na hata katika miezi hiyo hufungwa mvua ikitishia au joto likizidi, kwa hiyo tusikupangie siku ya mwisho ya safari.

Kuhusu msimu, Julai na Agosti ni joto, msongamano na bei za juu, tena pepo za kaskazini huchafua bahari. Mei ni nzuri kwa macho, milima ikiwa bado na maua, lakini maji ni baridi kwa mtu aliyezoea Bahari ya Hindi. Mteja wetu mmoja kutoka Tanga aliingia hadi magotini akasema inatosha. Tunachopenda sisi ni Septemba. Kuanzia Novemba hoteli nyingi za ufukweni hufungwa.

Gari ndilo linalowaangusha wengi. Huko wanaendesha kulia, na magari mengi ya kukodi ni ya kukanyaga klachi, ilhali huku tumezoea otomatiki za Kijapani. Otomatiki zipo, ila ni chache na huisha mapema, kwa hiyo tuambie mwanzoni kabisa. Utahitaji pia leseni ya kimataifa. Na usishangae gari la mbele yako likisogea pembeni nusu lipo nje ya mstari: anakupisha, nawe ukifuatwa fanya hivyo hivyo.

Kwa wateja Waislamu, souvlaki na gyros, nyama za kuchoma za mitaani, mara nyingi ni nguruwe, kwa hiyo uliza kabla ya kuagiza. Samaki, maharage, jibini na dakos, mkate mkavu uliowekewa nyanya, vitakushibisha. Baada ya chakula huletwa kichupa cha raki bila kuagizwa. Ni pombe kali, na ukikataa kwa tabasamu hakuna anayekasirika.

Viza ni ya Schengen, viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, ada yake euro 90 kwa mtu mzima, pamoja na bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho siku 15 kabla, lakini msimu wa kiangazi nafasi za miadi hujaa, hivyo tunaanza miezi minne kabla. Tiketi isiyorudishwa pesa usiilipie mpaka viza iwe mkononi. Na ukitaka kupitia Paris siku mbili, bado unaomba Ugiriki, kwa kuwa ndiko utakokaa zaidi.

Ukija ofisini leta pasipoti, tarehe zako, na jina la dereva. Tutamuuliza mara ya mwisho alikanyaga klachi lini.