Salamu za Idi, na dua kwa Siti binti Saad

Asalaam aleikum ndugu zangu wa Unguja na Pemba, wa Bara na Mombasa, na mliotawanyika ng'ambo ya bahari. Mwezi umeandama. Minal aidina wal faizina. Mungu azitakabali funga zetu, na waliotangulia kabla ya kuifikia Mfungo Mosi awarehemu.

Katika hao waliotangulia, leo namtaja Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarab. Alifariki tarehe 8 Julai 1950. Ukiirudisha tarehe hiyo kwenye kalenda ya Hijria, unaikuta ndani ya kumi la mwisho la Ramadhani ya mwaka 1369, siku ambazo kwetu vinanda huwa vimefunikwa na mji unasikiliza Qur'ani tu. Ndiyo maana kila kumi la mwisho linapoingia humwombea, na sikukuu ikifika naona ni haki yake atajwe.

Alizaliwa Fumba kiasi cha mwaka 1880, kwa wazazi waliotoka utumwani, na jina alilopewa mwanzo lilikuwa Mtumwa. Alifinyanga vyungu, akavitembeza kuuza. Mwaka 1911 akahamia mjini, ndipo mwanamuziki Muhsin Ali alipomsikia na kumfundisha, wakajiunga na kina Subeti bin Ambari, Budda bin Mwendo, Mwalimu Shaaban na Mbaruku. Taarab ya zama hizo ilikuwa ya kasri la Sultani na ya wenye nacho, na lugha yake Kiarabu. Siti akaiimba kwa Kiswahili, na watu wa Ng'ambo, mitaa ya wanyonge ya mji wa Unguja, wakaisikia kama yao. Mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi santuri, jambo ambalo hakuna mwanamke wa pwani yetu aliyekuwa amelifanya kabla yake. Wapo walioona choyo, wakamwimba kwamba kaja mjini na kaniki, na kama si sauti angekula nini. Naye akawajibu kwa shairi kuwa uzuri wa sura na ukubwa wa jadi si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili.

Hayo yanajulikana, na Shaaban Robert aliyaandikia wasifu mzima. Mimi kinachonifanya nimpende zaidi ni wimbo wa Kijiti.

Marehemu bibi yangu, kila mkesha wa sikukuu, alikuwa akikaa barazani na ungo wa mchele wa pilau mapajani, anachagua huku akiimba nyimbo za Siti kwa sauti ya kooni. Akifika kwenye Kijiti, mkono unasimama. Anamaliza ubeti wote ndipo anarudi kwenye mchele. Tulipokua akatueleza kisa. Mwanamke mmoja alitoka Dar es Salaam kuja Unguja kutembea, akiwa na mimba. Mwanamume aliyeitwa Kijiti akamchukua kwenda ngomani, akamuua. Kisha akavuka bahari akatoroka, na walioishia kubanwa na mahakama ni wanawake waliosimama kutoa ushahidi. Siti na wenzake wakalitia jambo hilo kwenye wimbo, kwa jina la muuaji, wakauimba mbele ya watu. Serikali ilikuwa ya kikoloni, hakimu hakuulizwa na mtu. Lakini kila aliyesikia alijua nani kaua na nani kafungiwa nini, na hadi leo tunajua.

Nalisema hili siku ya Idi kwa makusudi. Sikukuu ni siku ya kupeana mikono na kusameheana, na ni jambo zuri, mimi mwenyewe kuna watu wawili watatu nimewapigia simu tangu jana usiku. Lakini humohumo ndimo tunamopitishia dhuluma. Binti kapigwa na mumewe, anaambiwa samehe, leo sikukuu. Mtoto kaharibiwa na mtu wa nyumbani, wakubwa wanakutana baada ya sala na kukubaliana yamalizwe kifamilia, kwa sababu ya muhali, kule kuoneana haya. Kesi ngapi zetu zimekufa kwa muhali! Shahidi anaitwa mahakamani, haendi, maana mshitakiwa ni mtoto wa shangazi. Na hao hao mwezi mzima tumesimama nao safu moja ya tarawehe, tumehitimisha pamoja Qur'ani iliyotuambia tusifiche ushahidi.

Fitri tumeitoa, kila kichwa na pishi yake, alhamdulillahi. Ushahidi ni mzito kuliko pishi ya mchele, nakiri. Siti hakuwa na ukoo mkubwa wa kumkinga wala cheo, alikuwa na sauti na wapigaji wanne watano, na hakuona muhali. Waandishi wa TAMWA, chama cha wanahabari wanawake Tanzania, walipoanzisha jarida lao miaka ya 1980, waliliita Sauti ya Siti, na naona hawakukosea hata kidogo, kwani kazi waliyoishika ya kupinga ukatili kwa wanawake na watoto ndiyo ileile.

Basi salamu zangu za mwaka huu ziwafikie kwanza mashahidi: mama anayepanda daladala kila tarehe ya kesi na kuambiwa imeahirishwa, jirani aliyesema aliyoyaona akanuniwa mtaa mzima. Ziwafikie wapigaji udi, fidla na ganuni, ambao sasa wanafunua vinanda vyao. Ziwafikie watoto wenye nguo mpya watakaojaa uwanja wa Mnazi Mmoja jioni, tuwaangalie na tujue wanakwenda na nani na wanarudi saa ngapi. Na Siti, Mungu amfanyie wepesi, amwangazie kaburi lake.

Kwangu mlango uko wazi tangu baada ya sala, pilau ipo na kahawa ipo. Mwenye shauri zito aje sikukuu pili asubuhi, wageni watakuwa wamepungua na tutazungumza kwa nafasi. Idi Mubarak.