KUH: RIPOTI YENU YA KIJANI, NA FEDHEHA MLIYONITIA LANGONI

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Salamu. Naandika kwa adabu, ingawa imenibakia kidogo.

Mkataba mnaujua: majaribio ya programu yangu ya kuuza viti vya boti. Siku ya kukabidhi kazi, mbele ya wenye boti 6 niliowaalika ofisini kwangu Langoni, fundi wenu alifungua ripoti ya Allure, inayoonyesha majaribio yapi yamepita na yapi yameanguka, kwa kubofya faili yake ya index.html diskini. Ukurasa ukazunguka, ukazunguka, hautoi kitu. Nilipouliza, akacheka: "Mama, intaneti yenu ya kisiwani hiyo." Akafunga kompyuta.

Intaneti! Ripoti ile yataka seva, yaani programu ya kuipelekea kivinjari kurasa zake. Ukiifungua diskini moja kwa moja, kivinjari hukataa kusoma data zake. Jioni ile kijana wangu wa mafunzo aliandika amri ya allure serve, inayowasha seva hiyo, ikafunguka hapo hapo.

Ndipo tukaona makubwa. Majaribio 9 yameanguka, likiwemo la kuuza kiti kimoja kwa abiria wawili, na Jenkins, programu inayoyaendesha majaribio yenyewe, imetuonyesha kijani, yaani yote yamepita, wiki 3 nzima! Kumbe kwenye pom.xml, faili ya mipangilio ya Maven inayojenga programu na kuijaribu, fundi wenu ameweka testFailureIgnore kuwa true, Maven ipite hata majaribio yakianguka, wala hakuiagiza Jenkins isome faili za XML za surefire-reports, zenye matokeo ya majaribio. Huko si kusahau. Malipo ya pili nilikuwa nimeshayatuma Jumatatu, kabla hajaja, kwa sababu mlinisihi.

Nayarudia ya siku ile, maana nimepiga simu mara mbili mkajifanya hamkusikia. Nimesimama mbele ya watu ninaowauzia huduma, watu waliomjua marehemu baba yangu, na kijana wa kumzaa mimi ananicheka: "Intaneti yenu ya kisiwani hiyo." Anafunga kompyuta, kisha anauliza boti ya Mokowe inaondoka saa ngapi. Mzee mmoja akakohoa, akatazama miguu yake. Kikohozi kile sijakisahau.

Nilikusudia kudai nusu ya fedha. Sasa nazitaka zote, shilingi 120,000, na fundi wenu arudi aombe radhi pale pale, mbele ya wale wale 6. Nawapa siku 7. Mkinyamaza, tutaonana Mahakama ya Madai Madogo, ambako husikilizwa madai hadi milioni 1. Langu ni dogo kwao. Risiti ninazo, na pom.xml yenu ninayo, haijaguswa.

Mteja wenu,
Langoni, Lamu

Tena mwambieni: boti ya Mokowe huondoka ikijaa.