Kitabu chako bado kinadaiwa

Tanga, Juni

Mwanangu Zuhura,

Salaam nyingi. Sisi huku wazima, ila goti langu halitaki ngazi. Ningekupigia simu, lakini haya ya leo ni marefu, na wewe ukiwa kazini huniitikia "ndiyo mama, ndiyo mama" huku unaandika mambo yako.

Yule mzee wa gundi, mshona vitabu wetu wa maktabani, katutoka. Tumemzika Alhamisi baada ya adhuhuri. Huwezi kuwa umemsahau, maana kila nilipokuleta kazini ulikimbilia chumba chake cha nyuma badala ya kukaa na mimi kwenye dawati la kuazima. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa, ukimpa mkono kama umeshika gome la mwembe.

Maktabani wamemwekea meza karibu na mlango. Juu yake wamepanga vitu vyake: sindano tatu, kipande cha nta, brashi iliyobaki kisiki, na ule mfupa wa kukunjia karatasi uliong'aa kwa kushikwa. Hakuna picha yake, kwa sababu hakupenda kupigwa picha. Watoto wanauliza kila kitu cha nini, basi nikajikuta mwalimu. Nikawaonyesha alivyokuwa akilowesha mgongo wa kitabu kwa uji wa ngano ili gundi ya zamani ilegee, akaikwangua taratibu, akashona upya mafungu ya kurasa moja moja, kisha akakibana kati ya mbao mbili na tofali juu mpaka kesho yake. Kijana mmoja akaniuliza kama alishonea katani. Kwa kuwa tuko Tanga, basi kila uzi lazima uwe wa mkonge! Nikamwambia katani ingekata karatasi kama msumeno.

Meza ya pili ni ya Shaaban Robert. Kila Juni namngoja, maana alifariki Juni 1962, naye ni mtoto wa hapa hapa, kazaliwa Vibambani 1909 na kuzikwa Machui. Nashukuru safari hii hawakuvifungia vitabu vyake kiooni. Vimewekwa wazi, mtu anafungua anasoma, na kimoja tayari kina alama ya dole lenye mafuta ya kachori. Mimi sikukasirika. Aliyenifurahisha zaidi ni msichana wa Ngamiani, Barabara ya 12, aliyeshangaa kusikia kwamba mtu mwenye vitabu zaidi ya 20 alikuwa karani wa forodha. "Sasa alikuwa anaandika saa ngapi?" Swali zuri kuliko yote niliyosikia kwenye makongamano.

Nikawaeleza kwamba aliandika barua pia, nyingi kwa mdogo wake Yusuf Ulenge, na baadaye zikakusanywa zikawa kitabu. Na binti yake naye alitungiwa na baba utenzi mzima wa mawaidha. Hapo ndipo tulipopata shughuli ya likizo: kila mtoto aandike barua kwa mtu wa nyumbani kwao, kwa kalamu, bila kunakili kwa jirani. Jumanne walikuja 19, Ijumaa nikachoka kuhesabu. Wengine wamewaandikia baba zao walio mashambani, mmoja kamwandikia mbuzi. Naye ana haki yake.

Asubuhi tunaanza na vitendawili, tumeketi ukumbini penye upepo. Mengine ni yale yale ya yai na nyumba isiyo na mlango, mpaka kibwana mmoja wa Chumbageni akatega cha kwake: "Nina mgongo, sina tumbo, nasema, sina mdomo." Wakampa miji mitatu kabla hajasema ni kitabu. Nikatazama kule mezani kwenye sindano za mzee, nikanyamaza kidogo, wakadhani nimekasirika.

Jumba lenyewe ni lile lile, lenye matao na ua wa ndani, tangu enzi za Mwingereza lilipoitwa kwa jina la Mfalme George wa Sita. Rangi mpya tu, na binti wa dawatini ana kompyuta. Sanduku langu la kadi limekwenda stoo.

Sasa la mwisho, ndilo lililonitoa kitandani kuandika. Juzi nikitafuta shuka la kumzikia mzee nilifungua lile sanduku la bati la chini ya kitanda. Ndani, chini ya sare zako za shule, nikakuta kitabu cha maktaba. Kina mhuri wa tarehe ya kurudisha: 14 Juni 1996. Mgongo wake umeshonwa kwa uzi mweupe, mishono midogo midogo iliyolingana. Nimeikagua kwa miwani, ni mkono wake mwenyewe. Mama yako nilikaa kwenye dawati lile miaka yote, nikiandikia watoto wa watu barua za kuwakumbusha, na deni liko chini ya kitanda changu!

Sikirudishi mimi. Nimekifunga gazeti, kiko juu ya kabati. Mlete Jabiri wiki ya mwisho ya mwezi, aje aandike barua yake, nawe ukirudishe kwa mkono wako. Habari ya faini nimeshauliza. Binti wa dawatini kacheka mpaka akavua miwani, jibu hakunipa.

Mama yako