Msimwondoe binti huyu kwenye fizikia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu. Nimefundisha fizikia katika shule za sekondari hapa Dar es Salaam kwa miaka mingi, na sasa nimestaafu, naishi Mbagala. Juzi binti wa jirani yangu alikuja barazani kwangu akiwa na matokeo yake ya kidato cha nne. Fizikia ana A, hisabati ana B. Alitaka nimsemee kwa baba yake, kwamba anaiacha tahasusi ya PCM (fizikia, kemia na hisabati) anakwenda HKL (historia, Kiswahili na Kiingereza). HKL ni masomo mazuri, mke wangu kayafundisha maisha yake yote, ila sababu ya binti ndiyo iliyoniuma. "Shikamoo, Mwalimu. Naogopa imani itanitoka," aliniambia. Mtu anayemheshimu sana kamwambia kuwa wanaozama kwenye fizikia huishia kumkana Mungu.

Maneno haya nayasikia kwenye daladala, msibani, hata kwenye vijiwe vya kahawa: sayansi na dini haviivi chungu kimoja, chagua kimoja. Na si watu wa dini peke yao wanaoyasema. Niliwahi kupita dirishani mwa kidato cha pili nikamsikia mwalimu mwenzangu akiwaambia watoto, "Humu ndani hakuna Mungu, kuna kanuni." Alidhani anaitetea sayansi. Hakuna kanuni ya fizikia inayosema hivyo, na watoto wale walirudi nyumbani wakiamini kwamba somo letu ni adui wa sala zao.

Nilimsimulia binti habari ya timazi, ule uzi wa fundi wenye uzito mwishoni. Mwaka jana wazee wa msikiti mdogo unaojengwa mtaani kwetu walikuwa wakibishana kama kibla kimekaa sawa. Kila mmoja alitoa simu yake, na kila simu ikaonyesha upande wake, maana kiwanja kilikuwa kimejaa nondo na chuma huipotosha dira. Nikawaambia wasubiri tarehe 16 Julai. Siku hiyo, saa sita na dakika 27 mchana kwa saa zetu, jua husimama wima juu ya Al-Kaaba, kwa hiyo anayelielekea jua dakika ile ameielekea Makka. Fundi alifunga timazi kwenye ubao, uzito ukatulia, kivuli cha uzi kikalala mchangani kama mstari wa kalamu. Tukakichora kwa msumari. Msingi ulikuwa sawa, mihrabu ndiyo iliyopinda kidogo, na fundi aliinyoosha kabla ya alasiri. Dar es Salaam iko karibu mstari mmoja wa longitudo na Makka, nyuzi 39 na ushee kwa karibu nyuzi 40, ndiyo maana kibla chetu ni kaskazini, kikiegemea mashariki kidogo tu. Hakuna mzee aliyeuliza kama ile ilikuwa sayansi au dini. Walipiga takbira.

Tazameni pia ile saa ya ukutani msikitini yenye namba nyekundu, inayoonyesha nyakati za sala. Alfajiri yake imepatikana kwa kukokotoa jua likiwa takriban nyuzi 18 chini ya upeo wa macho. Alasiri ni pale kivuli cha kitu kinapofikia urefu wake, ukijumlisha na kivuli cha adhuhuri. Katika karne ya 14, kazi ya Ibn al-Shatir pale Msikiti wa Umayya mjini Dameski ilikuwa kupima nyakati za sala, na hesabu zake za mwendo wa mwezi zinafanana na zile alizokuja kuzitumia Copernicus, mtaalamu wa nyota wa Ulaya, zaidi ya miaka mia moja baadaye.

Jirani zetu Wakristo nao Pasaka yao huhesabiwa kwa mwezi mpevu. Na ile nadharia ya Mlipuko Mkuu (Big Bang) kuhusu mwanzo wa ulimwengu, inayowatisha wengi, aliyeiasisi ni padri, Georges Lemaître wa Ubelgiji, aliyeandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka. Papa Pius XII alipoihusisha na uumbaji mwaka 1951, Lemaître mwenyewe hakufurahia. Alitaka nadharia ipimwe kama nadharia, na maswali ya imani yabaki mahali pake.

Sisemi sayansi na dini havijawahi kugombana. Mwanasayansi Galileo alihukumiwa na Kanisa huko Roma mwaka 1633 kwa kusema dunia hulizunguka jua, na Papa Yohane Paulo wa Pili alikiri kosa lile mwaka 1992. Hapa kwetu kila Ramadhani tunagawanyika kwa muandamo. Lakini sikilizeni vizuri ugomvi ule. Mtaalamu wa nyota anaweza kukwambia mwezi umezaliwa saa ngapi na kama utazama baada ya jua. Kama tufuate jicho au hesabu, mwezi wa hapa au wa kwingine, hilo ni la wanazuoni, na wao wenyewe ndio wanaotofautiana. Sayansi haijamnyima mtu funga yake.

Kwa hiyo nawaomba masheikh, wachungaji na walimu wenzangu: mtoto akija na swali la nyota au la chembe, mwacheni aulize hadi mwisho. Msimpe hofu kisha mkaiita imani.

Binti bado hajaamua, na muda wa kubadili tahasusi unayoyoma. Jua litasimama tena juu ya Al-Kaaba tarehe 28 Mei, saa sita na dakika 18 mchana. Mawingu yakituruhusu, nitatundika timazi uani kwangu, na yeye ndiye atakayeshika msumari. Baba yake atakuwepo. Yule aliyemtia hofu nimemwalika pia, na ameniitikia kuwa atakuja.

Mwalimu mstaafu,
Mbagala, Dar es Salaam