Kinga ya mwili si msuli: jibu kwa hoja kuhusu vitakasa mikono

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nijibu hoja aliyoitoa msomaji mwenzangu hivi karibuni, kwamba vitakasa mikono vinaudhoofisha mwili kwa kuunyima mazoezi ya kupambana na vijidudu, na kwamba mtu aliyezoea kujipaka spirti viganjani kila mara atakuja kuangushwa na mafua ya kawaida kwa sababu kinga yake imelala. Hoja hiyo si yake peke yake. Nimeisikia kazini na kwa majirani, na mara nyingi wanaoitoa ni watu wazima wenye akili zao, ambao husema kwa fahari kwamba wao walikula vumbi utotoni na mpaka leo wapo. Sitaki kuipuuza, kwa kuwa ndani yake mna chembe ya ukweli; tatizo ni kwamba chembe hiyo imefungwa ndani ya furushi kubwa la makosa.

Kosa la kwanza ni mfano wenyewe. Kinga ya mwili si msuli unaonenepa kwa kunyanyua mizigo na kunywea kwa kukosa kazi. Afadhali tuifananishe na mlinzi wa lango, ambaye kazi yake ngumu zaidi si kupiga bali ni kutambua: huyu ni mwenyeji, huyu ni mpita njia asiye na neno, huyu ni mwizi. Sehemu moja ya kinga tunazaliwa nayo, nayo humshambulia yeyote anayefanana na adui bila kuuliza jina. Sehemu ya pili hujifunza: seli zake zikikutana na kimelea fulani, hutengeneza kingamwili, yaani protini za ulinzi zinazokilenga hicho na si kingine, kisha hubakiza kumbukumbu yake. Aliyepona surua hapati kwa hilo msaada wowote dhidi ya kipindupindu. Kwa hiyo hakuna ghala moja la nguvu ambalo hujazwa na kila kijidudu kinachopita. Na hata kama tungeweza kuikuza kinga yote kwa pamoja, nina shaka kama tungeyapenda matokeo yake, kwa sababu mtu anayepiga chafya mfululizo kwa ajili ya chavua, au anayebanwa na pumu usiku, hasumbuliwi na kinga iliyolala. Anasumbuliwa na mlinzi anayepiga kelele mahali pasipo na mwizi.

Kosa la pili ni kudhani kwamba kila ugonjwa humwacha mtu akiwa imara kuliko ulivyomkuta. Upo ugonjwa unaofanya kinyume kabisa. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2019 zilionyesha kwamba virusi vya surua hufuta sehemu ya kingamwili ambazo mtoto alikuwa amekwisha kujijengea dhidi ya magonjwa mengine, hata akabaki kama mwanafunzi aliyeibiwa madaftari, analazimika kuanza upya masomo aliyokwisha kuyafaulu. Tuwatazame pia watoto wanaoharisha mara kwa mara kwa sababu ya vimelea vya kinyesi. Kama mazoezi ya vijidudu yangekuwa yanajenga nguvu, hao wangekuwa mashujaa wa afya katika dunia hii. Badala yake, kuta za utumbo wao huchakaa, chakula hakinyonywi ipasavyo, na wengi hudumaa. Chanjo hutoa somo lilelile ambalo ugonjwa ungelitoa, pasipo kumlaza mtoto kitandani, na nashangaa kwamba wanaopigia debe mazoezi ya kinga hawaanzii hapo.

Sasa nije kwenye ile chembe ya ukweli, ambayo inastahili kuelezwa vizuri kuliko inavyoelezwa vibarazani. Mwaka 1989, mtaalamu wa Uingereza aitwaye David Strachan alichapisha uchunguzi uliotokana na taarifa za watu zaidi ya 17,000 waliozaliwa nchini humo mwaka 1958. Aligundua kwamba mzio wa chavua ulikuwa haba zaidi kwa wale waliokuwa na kaka na dada wakubwa wengi nyumbani, naye akapendekeza kwamba huenda maambukizi ya utotoni, yanayoletwa na ndugu, ndiyo yanayowakinga. Kutoka hapo wazo likatoka nje na kuanza kutembea lenyewe. Lilipofika mitaani lilikuwa limegeuka kuwa kauli kwamba usafi ni adui.

Wataalamu wenyewe hawakuishia hapo. Mwaka 2003 mwanasayansi wa Uingereza Graham Rook alilirekebisha wazo hilo kwa hoja ambayo mimi naiona ina mashiko zaidi: kinachoifundisha kinga adabu si vimelea vya magonjwa, ambavyo vingi vilianza kumsumbua binadamu baada ya watu kuanza kuishi kwa msongamano, bali ni marafiki wa kale, yaani vijidudu vya udongoni, vya mimea, vya wanyama na vile vinavyoishi tumboni mwetu, ambavyo binadamu ameishi navyo tangu enzi na enzi. Hivyo ndivyo vinavyomfunza mlinzi wetu kutulia. Huko Marekani, Waamish na Wahutterite ni jamii mbili za wakulima zenye asili ya karibu na maisha yanayofanana kwa mengi, lakini Waamish hulima kwa farasi na watoto wao hucheza karibu na mazizi, ilhali Wahutterite hutumia mashamba makubwa ya mitambo yaliyo mbali na nyumba. Pumu huwapata watoto wapatao 5 katika kila 100 kwa Waamish, na wapatao 21 katika kila 100 kwa Wahutterite. Nchini Finland nako, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020, uwanja wa changarawe wa shule za chekechea uliwekewa udongo na mimea ya msituni. Baada ya siku 28 tu za kucheza humo, ngozi za watoto zilikuwa na aina nyingi zaidi za bakteria, na damu yao ilionyesha dalili za kinga inayojidhibiti vizuri zaidi.

Naomba msomaji atazame kwa makini ni nini kilichofanya kazi katika mifano hiyo. Ni udongo wa msituni na vumbi la zizi. Si kitasa cha mlango wa hospitali, si mkono uliotoka chooni, wala si kikohozi cha abiria wa kiti cha pili. Mtu anaweza kumwachia mtoto achimbe udongo asubuhi nzima, kisha akamnawisha kabla ya kula, na asiwe amejipinga mwenyewe hata kidogo.

Tuulize basi, kitakasa mikono huondoa nini hasa? Tangu mwaka 1938, kutokana na kazi ya daktari mpasuaji Philip Price, tunajua kwamba mikononi mwetu mna vijidudu vya namna mbili: wenyeji, wanaoishi ndani ya mikunjo na vitundu vya ngozi, na wapita njia, tunaowaokota kwa kushika vitu na watu. Wapita njia huondoka kirahisi, nao ndio wanaobeba magonjwa mengi. Wenyeji hupungua kwa muda, kisha hurudi kwenye makazi yao. Kumbuka pia kwamba mwili wa mtu mzima una bakteria wanaokadiriwa kufikia trilioni 38, wengi wao wakiwa katika utumbo mpana, ambako tone la spirti la kiganjani halitafika kamwe. Kudhani kwamba kujipaka kitakasa kwenye viganja viwili kunaweza kuuacha mwili huu bila kijidudu cha kujifunzia ni sawa na kuogopa kwamba kufagia kizingiti kutaifanya nyumba nzima isiwe na watu.

Namna kitakasa kinavyofanya kazi si siri. Alkoholi huyeyusha utando wa mafuta unaovizunguka virusi kama vile vya korona na vya homa ya mafua, na kuziharibu protini za bakteria. Kinachowashangaza wengi ni kwamba alkoholi tupu haifanyi kazi vizuri kama ile iliyochanganywa na maji, kwa kuwa protini huharibika kwa wepesi zaidi panapokuwa na maji. Ndiyo maana kiwango kinachofaa huanzia asilimia 60, na fomula mbili zilizotolewa na Shirika la Afya Duniani zina asilimia 80 ya ethanoli au asilimia 75 ya isopropanoli, ambazo zote mbili ni aina za alkoholi. Manufaa yake si ya kukisia. Katika hospitali za Chuo Kikuu cha Geneva, Uswisi, ambako daktari Didier Pittet na wenzake waliendesha kampeni ya usafi wa mikono iliyowasogezea wahudumu dawa hiyo hadi kando ya kitanda cha mgonjwa, maambukizi yanayopatikana hospitalini yalishuka kutoka asilimia 16.9 ya wagonjwa mwaka 1994 hadi asilimia 9.9 mwaka 1998. Muuguzi anayetoka kitanda hiki kwenda kile hana dakika nzima ya kunawa kila mara; sekunde 20 za kujipaka anazo.

Pamoja na hayo, sitetei ushabiki wa upande wa pili. Siku moja nilirudisha mnyororo wa baiskeli ulioruka, na kwa kuwa maji hayakuwa karibu nikatoa kichupa changu mfukoni nikajimiminia. Ile grisi haikwenda popote. Iligeuka uji mwembamba wa kijivu, ukaingia kwenye mistari ya viganja na chini ya kucha, na palipokuwa na mchubuko pakawaka kama pametiwa pilipili. Hapo nilielewa kwa macho kile kilichoandikwa kwenye miongozo yote, kwamba kitakasa hakisafishi. Kinaua kinachoweza kukifikia, na kukiacha kila kitu pale pale kilipokuwa. Penye tope, mafuta au sumu ya kunyunyizia mazao, dawa ni sabuni na maji, kwa sababu sabuni hushika uchafu kwa upande mmoja na maji kwa upande mwingine, vikaondoka pamoja. Sabuni na maji ndivyo vinavyofaa pia dhidi ya norovirusi, wale wa kuhara na kutapika, ambao hawana ule utando wa mafuta, na dhidi ya bakteria Clostridioides difficile, ambaye hujifungia ndani ya ganda gumu lisiloingiliwa na alkoholi.

Hofu nyingine ambayo ina msingi ni ya usugu, yaani bakteria kuzizoea dawa za kuwaua, ila hapa pia watu huchanganya mambo. Zile kemikali zilizokuwa zikitiwa katika sabuni za kuua bakteria, kama triklosani, zilizua wasiwasi wa kweli, na mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliamua viambato 19 vya namna hiyo viondolewe katika sabuni za matumizi ya nyumbani, kwa kuwa watengenezaji walishindwa kuthibitisha kwamba ni salama kwa matumizi ya muda mrefu na kwamba zinaishinda sabuni ya kawaida. Alkoholi ni jambo tofauti, kwani huua kwa kubomoa, nayo hukauka ikaisha. Hata hivyo, mwaka 2018 watafiti wa Melbourne waliripoti kwamba bakteria Enterococcus faecium waliochukuliwa hospitalini baada ya mwaka 2010 walistahimili alkoholi zaidi ya wale wa miaka ya nyuma. Hiyo ni sababu ya kujipaka kiasi cha kutosha na kusubiri mikono ikauke yenyewe. Wengi wetu hudondosha tone moja, tukasugua mara mbili, tukamalizia kwa kujifuta kwenye nguo.

Ombi langu kwa dawati lenu la afya ni kwamba, mkichapisha tena habari za vitakasa, mwaeleze wasomaji watafute kiwango cha alkoholi kwenye lebo, wakiepuke chochote chenye methanoli, ambayo ni sumu, na wakiweke kichupa mbali na moto na mbali na watoto wadogo, ambao hukiona kama kinywaji.

Naye msomaji mwenzangu, anayejivunia udongo wa utotoni, namshauri aitafute kadi yake ya chanjo aangalie ni lini alichanjwa pepopunda kwa mara ya mwisho. Bakteria wa ugonjwa huo huishi katika udongo huohuo, na sumu yao ni kali kiasi kwamba kipimo kinachotosha kuua ni kidogo mno kuiamsha kinga. Hata aliyeugua pepopunda akapona, hulazimika kuchanjwa kama vile hajawahi kukutana nayo.

Msomaji wenu wa siku nyingi